Jicho kwanza, mwili baadaye

Wiki hii siasa nimeiweka kando, na bei ya sukari nayo nimeiacha ipumzike. Nataka tuzungumze juu ya kamera. Najua wapo watakaosema, "Huyu naye! Kamera siku hizi si kila mtu anayo mfukoni, ndani ya simu?" Subirini kidogo. Ninayetaka kumzungumzia si yule anayepiga picha sahani ya pilau kabla hajaonja. Ni kijana anayetaka kazi ya kupiga picha imlishe, pamoja na mama yake ambaye ndiye anayetoa mtaji.

Jumapili moja mwaka jana dada yangu alikuja nyumbani kwangu akiongozana na mwanawe, yaani mpwa wangu. Dada huyu anauza maandazi na chapati kwa zaidi ya miaka kumi sasa, anaamka saa kumi za usiku, na moshi wa mkaa umemkausha macho. Zamu yake ya kupokea fedha za mchezo ilikuwa imefika. Akaongeza na akiba aliyokuwa nayo, ikatimia shilingi milioni moja na nusu, ameifunga kwenye pindo la kanga.

"Kaka," akaniambia, "mwanao anataka kuwa mpiga picha. Wewe kazi hiyo uliifanya. Mpeleke ukamchagulie kamera nzuri."

Kijana mwenyewe alikuwa amekwisha kuchagua. Akatoa simu akanionyesha picha ya kamera aliyoiona dukani, jitu jeusi lenye mkanda mpana wa kuvaa shingoni. "Mjomba, hii hapa. Ina megapikseli ishirini na nne. Na ukiingia nayo ukumbini tu, kila mtu anajua mpiga picha amefika."

Nikamuuliza bei yake. Ilikuwa milioni moja na nusu ile ile, mpaka shilingi ya mwisho.

"Flashi je?"

"Nitanunua baadaye, mjomba."

"Betri ya pili?"

"Baadaye."

"Na lenzi ya kupigia ndani, penye mwanga hafifu?"

Hapo alinitazama kama mtu aliyesikia lugha ya kigeni. "Mjomba, lenzi si inakuja nayo?"

Ndugu wasikilizaji, neno hilo "baadaye" lilinichoma, maana na mimi nililitumia. Mwaka 2009 niliacha kamera yangu ya mkanda, nikanunua ya kidijitali. Niliitazama kwa ukubwa wa namba zilizoandikwa kwenye boksi, nikamaliza fedha zote kwenye mashine, nikabaki na lenzi ndogo iliyokuja nayo, betri moja, na ile flashi dhaifu inayochomoza juu ya kamera kama sikio la sungura. Wiki tatu baadaye nikachukua kazi ya harusi ya usiku.

Ukumbi ule ulikuwa na taa za rangi nyingi na mwanga kidogo. Wakati wa mzee kucheza na binti yake ulipofika, taa zikapunguzwa zaidi ili ipendeze. Nilipiga picha nyingi. Kwenye kile kioo kidogo nyuma ya kamera zilionekana nzuri. Kabla ya keki kukatwa, betri ikaisha, nikasimama pale nimeshika jiwe. Nilipofika nyumbani na kuzitazama kwa ukubwa, ule mchezo wa baba na mwana ulikuwa moshi mtupu. Nguo zilionekana, tabasamu halikuonekana. Uso wa mzee ulikuwa umejivuta kama rangi iliyomwagiwa maji.

Miezi mitatu haikupita, yule mzee akafariki. Binti yake akanijia akiwa na kitambaa cheusi kichwani, akaniomba picha moja tu iliyo safi ya baba yake, ya kuweka kwenye fremu. Nilikaa usiku kucha nikitafuta. Haikuwapo. Fedha zao niliwarudishia, lakini wakati ule ukumbini sikuweza kuurudisha. Fundi cherehani akikosea suruali ataishona upya. Mpiga picha akikosea, watu wamekwisha kuondoka, na mwingine wao hatarudi tena.

Ndiyo sababu dada alipofungua lile pindo la kanga, nilimwambia alifunge tena kwanza. Kuna jambo moja nilitaka kijana alielewe kabla ya senti kutoka.

Jambo lenyewe ni hili. Kamera ina sehemu mbili kubwa. Ipo bodi, yaani mwili, na ipo lenzi, yaani jicho. Watu wote wanatazama mwili, kwa sababu ndio mkubwa, ndio wenye vitufe, ndio wenye jina. Lakini picha inaandikwa kwa mwanga, na mwanga unaingia kwa jicho. Mwili wa kamera unachakaa, na kila baada ya miaka michache unatoka mwingine unaoufanya uonekane mzee. Lenzi nzuri ikitunzwa inamhudumia mtu miaka ishirini, inahama kutoka mwili mmoja kwenda mwingine. Kwa hiyo mwenye fedha chache anunue jicho kwanza, na mwili autafute wa bei ya chini.

Tuchukue mfano. Kamera nyingi za wanaoanza zinauzwa na lenzi iliyoandikwa 18-55mm. Karibu na hapo utaona namba nyingine, 3.5-5.6. Zile za kwanza zinasema lenzi inavuta kutoka upana gani mpaka wapi. Hizi za pili zinasema tundu lake linafunguka kiasi gani, na hapa hesabu ni ya kinyume: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Ukiivuta lenzi hiyo mpaka karibu na 50, tundu lake haliwezi kuzidi 5.6, yaani upana wa milimita tisa hivi, kama kitufe kidogo cha shati.

Sasa chukua lenzi nyingine, ile ya 50mm isiyovuta, iliyoandikwa 1.8. Ni ndogo, ni nyepesi, na ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa ambazo Canon na Nikon wametengeneza. Tundu lake linafunguka milimita 28 hivi. Ukipiga hesabu ya eneo la matundu hayo mawili, utakuta hii ya pili inaingiza mwanga karibu mara kumi ya ile ya kwanza. Mara kumi, ndugu wasikilizaji! Hiyo ni tofauti ya kukaa chumbani umefungua ufa wa mlango na kukaa umefungua dirisha lote.

Ukumbini tofauti hiyo inakuwa hivi. Pale ambapo lenzi ya kwanza inailazimisha kamera ifungue shata kwa sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde, ya pili inairuhusu ifungue kwa sehemu moja ya mia na ishirini na tano. Kwa moja ya kumi na tano, mtu akitikisa kichwa tu amekuwa moshi. Kwa moja ya mia na ishirini na tano, mzee anacheza taratibu na binti yake, nawe unampata mpaka na mikunjo ya kicheko chake. Mwaka ule 2009 lenzi ya namna hiyo ilikuwapo dukani. Ilikuwa imewekwa kwenye kabati la kioo, karibu na kiwiko changu, wakati mimi nahesabu fedha za kununulia ukubwa.

Sitaki kuwadanganya kwamba lenzi hiyo inatosha kwa kila kitu. Ukilifungua tundu lote, sehemu inayoonekana safi inakuwa nyembamba sana. Ukipiga watu wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma, mmoja atakuwa safi na mwenzake atafifia. Kwa wawili wasimamishe sawasawa, na tundu ulibane kidogo, mpaka 2.8 au 4. Tena kamera za bei nafuu nyingi zina sensa ndogo. Sensa ni kile kipande kinachopokea picha, kinachokaa pale ulipokuwa ukipita mkanda zamani. Picha moja ya mkanda ilikuwa na upana wa milimita 36 kwa kimo cha 24. Sensa za kamera hizi ni kama 22 au 23 kwa 15. Kwa hiyo lenzi ya 50 inakuwa kama imesogea mbele, na ukiwa kwenye sebule ndogo utarudi nyuma mpaka mgongo ugonge ukuta. Ndiyo maana ile lenzi ndogo ya 18-55 usiitupe. Itakusaidia kupiga ukoo mzima uwanjani, mchana, jua likiwa la kutosha.

Na hizi megapikseli zinazowatoa vijana udenda? Mpwa wangu nilimpa kalamu akapiga hesabu mwenyewe. Picha ya kawaida ya kuweka kwenye albamu ina inchi sita kwa nne. Kuichapa vizuri unahitaji nukta 300 kwa kila inchi. Sita mara 300 ni 1,800. Nne mara 300 ni 1,200. Zidisha hizo mbili, unapata nukta milioni mbili na kitu, yaani megapikseli mbili. Picha ya ukubwa wa karatasi ya A4, ile ya kutundika ukutani, haifiki megapikseli tisa. Kamera ya miaka mingi iliyopita yenye megapikseli kumi na mbili inaimudu bila kutoka jasho. Sisemi nyingi ni mbaya. Nasema asinunue nyingi huku akikosa mwanga, maana picha iliyofifia yenye megapikseli ishirini na nne ni ukungu mkubwa tu.

Baada ya jicho, kitu cha pili ni flashi. Hapa nasema ile inayovikwa juu ya kamera, yenye kichwa kinachogeuka. Ile ndogo iliyojengwa ndani inampiga mtu usoni kama tochi ya mgambo: paji la uso linang'aa na nyuma kunakuwa giza. Flashi yenye kichwa kinachogeuka unailekeza juu, mwanga unagonga dari nyeupe na kushuka taratibu juu ya watu. Lakini angalieni dari zenyewe. Kumbi zetu siku hizi zinavikwa vitambaa kila kona. Ukigonga kitambaa cha zambarau, bibi harusi na ndugu zake wote watakuwa zambarau. Hapo tafuta ukuta mweupe, au funga kadi nyeupe nyuma ya flashi iurudishe mwanga mbele.

Na tukiwa hapo hapo kwenye mwanga, kuna jambo linalotuhusu sisi hasa, watu wenye ngozi nyeusi. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera kinaamini kwamba kila kitu duniani, kikichanganywa, kinatoa rangi ya kijivu cha wastani. Basi bibi harusi akisimama mbele yako na shela jeupe limejaza picha, kamera inajisemea, "Mwanga umezidi," inaupunguza. Shela linakuwa la kijivu na uso wa mtoto wa watu unazama gizani. Kisha jamaa wanasema, "Mpiga picha huyu kampiga mtoto wetu mweusi kama masizi." Kosa si la mtoto. Kwenye kamera kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Ongeza moja, uso utatoka, na shela litarudi kuwa jeupe. Kinyume chake, wapambe wakijipanga na suti nyeusi tupu, kamera itaongeza mwanga kupita kiasi, nawe upunguze. Kitufe hicho hakiuzwi peke yake dukani. Kimo kwenye karibu kila kamera ya namna hii, ya bei nafuu na ya bei kubwa.

Sasa tuje kwenye mwili. Nilimwambia kijana tutatafuta wa mtumba. Alinuna kidogo. Lakini tazameni hali ilivyo. Tangu mwaka 2018, Canon na Nikon wote wamekuwa wakihamia kwenye kamera zisizo na kile kioo cha ndani kinachoruka juu kila unapopiga picha. Wenye uwezo wanahama nao, wanauza za zamani, na hizo za zamani hazikuacha kupiga picha siku ile mpya zilipotoka. Tena mdomo wa lenzi wa Canon wa aina ya EF umekuwapo tangu 1987, na ule wa Nikon wa aina ya F tangu 1959. Maana yake ni kwamba lenzi za kuvika kwenye miili hiyo zimejaa duniani. Na siku kijana akipata fedha akahamia kwenye kamera mpya, lenzi zake nyingi ataziunganisha kwa kiungio, hazitatupwa.

Ila mtumba una macho yake, kama nguo. Kwanza, nenda na kadi yako ya kuhifadhia picha, na uende mchana. Vua lenzi, iinue kwenye mwanga, utazame ndani. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu, mrudishie mwenyewe. Pili, vika lenzi, bana tundu mpaka 16, piga mbingu au ukuta mweupe, kisha kuza picha. Ukiona madoa yale yale mahali pale pale kila unapopiga, sensa ina vumbi. Hilo linasafishika kwa fundi, lakini liingie kwenye bei. Tatu, ulizia shata imepiga mara ngapi. Nikon, kwa mfano, walisema shata ya D3300 imejaribiwa kwa mizunguko 100,000, na ya D7000 kwa 150,000. Hizo elfu mia moja zinaonekana nyingi, lakini harusi moja siku hizi haikosi picha elfu moja, kwa hiyo ni harusi mia tu. Haina maana kwamba ikifika hapo itakufa. Ni kama gari: unataka kujua limetembea kilometa ngapi.

Nne, bonyeza kila kitufe, fungua kila mlango, vika flashi uone kama inawaka. Tano, kwa Nikon ndogo, zile za mfululizo wa D3000 na D5000, fahamu kwamba bodi haina mota ya kusukuma lenzi. Lenzi ya zamani iliyoandikwa AF peke yake itavaa vizuri, lakini haitalenga yenyewe. Utaizungusha kwa mkono huku maharusi wanapita. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Na la mwisho, mwulize muuzaji jina lake na karatasi ya kununulia, uandikiane naye, na namba ya kamera iandikwe. Kamera inaibwa kirahisi kuliko kuku, na kijana wa watu anaweza kulala ndani kwa sababu ya kitu alichokinunua kwa jasho la mama yake.

Ukungu nilioutaja ni adui wetu sisi wa pwani. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Unguja, hewa yetu ina unyevu na chumvi. Lenzi ikikaa miezi ndani ya mkoba wa ngozi kabatini, ukungu unaota ndani ya kioo na kuanza kukila. Usiifungie gizani. Weka kamera kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, ambavyo watu huvitupa. Na kila wiki itoe uitumie. Kamera inayofanya kazi haioti ukungu upesi.

Kijana aliniuliza swali la maana sana siku ile. "Lakini mjomba, nikienda na kamera ndogo, kuukuu, watu wataniheshimu?"

Nikamsimulia habari za Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali. Huyu alikuwa fundi seremala. Mwaka 1935 mjomba wake alirudi kutoka Senegal akamletea kamera ndogo ya Kodak Brownie. Brownie ilikuwa kamera ya watu wa kawaida. Ilipoanza kuuzwa mwaka 1900 bei yake ilikuwa dola moja ya Marekani. Keïta alianzia hapo. Mwaka 1948 akafungua studio yake Bamako. Picha nyingi alizipiga uani, kwa mwanga wa jua, na nyuma ya mteja alitundika kitambaa. Kwa kuwa vifaa vilikuwa ghali, mteja mmoja alipigwa mara moja tu, kwa hiyo kabla ya kubonyeza alikwisha kumpanga mkono, kichwa na pindo la nguo. Leo picha hizo zimetundikwa kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, na watu wanazilipia kuziona. Hakuna anayeuliza zilikuwa na megapikseli ngapi.

Na karibu na kwetu yupo Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam. Kampuni yake ya Camerapix aliianzisha hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1963. Naye aliianza safari yake na kamera ya boksi ya Brownie. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ndizo zilizouamsha ulimwengu. Watu wale waliheshimiwa kwa walichokiona, na ukubwa wa mashine haukuingia kwenye hesabu hiyo.

Basi nilimpa mpwa wangu sharti moja. Kwa mwezi mzima asinunue kitu. Atumie simu yake, bila flashi, kila siku apige uso wa mtu mmoja karibu na dirisha au mlango, na jioni aniletee picha moja tu, aliyoichagua yeye. Wiki ya kwanza aliniletea watu wenye mwanga nyuma na giza usoni. Wiki ya pili akagundua kwamba saa nne asubuhi mwanga wa mlango wa jikoni kwao ni mzuri kuliko wa saa saba. Wiki ya nne aliniletea picha ya mama yake amekaa mlangoni, mikono ina unga, uso umegeukia nje. Dada alipoiona alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe nimezeeka." Halafu akaomba ichapwe.

Hapo ndipo tulipokwenda Kariakoo. Bodi ya mtumba, pamoja na lenzi yake ndogo, ilichukua chini ya nusu ya fedha. Tukaongeza ile lenzi ya 50, flashi yenye kichwa kinachogeuka, betri mbili badala ya moja, na kadi mbili badala ya kadi moja kubwa, ili moja ikiharibika asipoteze harusi nzima. Nikamwonya pia kwamba picha za mteja hazifutwi kwenye kadi mpaka ziwe zimehifadhiwa mahali pawili. Tulipomaliza, laki mbili zilibaki. Nikamrudishia dada mkononi. Alizihesabu mara mbili, kama mtu asiyeamini kwamba wanaume wawili wanaweza kwenda Kariakoo na kurudi na chenji.

Sitawaambia kwamba kijana ametajirika. Wiki nyingine anapata kazi, wiki nyingine anamsaidia mama yake kusukuma chapati. Wapo wateja wanaomlipa nusu na kumzungusha kwa iliyobaki. Lakini deni la mama yake analipunguza kila mwezi, na anayo daftari ya kuandika.

Harusi yake ya kwanza nilikwenda naye, mimi nikiwa msaidizi wa kubeba mkoba. Saa nne usiku kamera ikazimika. Moyo wangu ukapiga kama ngoma, nikakumbuka mwaka 2009. Kabla sijafungua mdomo niliona mkono wa kijana ukiingia mfukoni, betri ya pili ikaingia, kazi ikaendelea. Kisha MC akamwita baba wa bibi harusi kati, taa zikapunguzwa. Mpwa wangu akavua lenzi ndogo, akavika ile ya 50, akasogea hatua mbili, akangoja. Alipiga picha chache tu.

Baadaye nikamwomba anionyeshe, akazikuza kwenye kioo. Mzee alikuwa amefumba macho, anacheka, na jino lake moja la mbele halipo. Kila kitu kilionekana. Nilimrudishia kamera nikatoka nje kupunga upepo.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, mzazi uliyejibana ukapata mtaji, na kijana unayetamani kile kilichoko kwenye kabati la kioo, nendeni pamoja, na mkifika dukani msiulize kwanza ipi ni kubwa. Ulizeni ipi inaona gizani. Zigawanyeni fedha, nusu isiguswe na bodi. Kila kitu mtakachokisemea "baadaye", jiulizeni kama yule mzee anayecheza na binti yake ataweza kuingoja hiyo baadaye.